Unachagua kikosi cha anga shuleni? Anza na debe la korosho

Klabu yako ya sayansi imeamua kufanya safari ya mfano ya anga. Safi sana. Darasa moja linageuzwa chombo, vijana watano wanaingia Ijumaa jioni na kutoka Jumapili jioni, wenzao wanawaongoza kutoka chumba cha pili. Majina yameshajaa karatasi mbili. Mkuu wa shule anataka orodha. Uwe Ndanda, Chidya, Kitangari au Newala mjini, swali ni lilelile: unamchukua nani, unamwacha nani?

Dawa yake hii hapa. Mwangalie mtu akifanya kazi ya kuchosha pamoja na wenzake, ndipo uamue. Alama za mtihani na ufundi wa kujieleza vina nafasi yake, ila nafasi yenyewe ni ndogo kuliko unavyodhani.

Na usione haya kwamba safari yenu ni ya mfano. Moscow waliwafungia wanaume sita ndani ya chombo cha kuigiza kwa siku 520, kuanzia Juni 2010 hadi Novemba 2011. Hawaii, kwenye mteremko wa Mauna Loa, watu sita walikaa mwaka mzima ndani ya kuba moja. Februari 2018 ilikuwa zamu ya Omani: jangwa la Dhofar liligeuzwa Mirihi, watu wakatembea mchangani na mavazi ya anga ya mfano. Katika hao wote hakuna aliyeruka hata mita moja. Waliokuwa wanapimwa ni binadamu, na binadamu unao.

Kazi kwanza, majina baadaye

Chukua karatasi uandike kazi zitakazofanyika ndani ya chombo. Jina lolote lisiwepo bado. Ukianza na majina utaishia kumtafutia rafiki yako cheo.

Novemba 1983 chombo cha Marekani, Columbia, kiliruka na maabara ya Spacelab kwa mara ya kwanza. Kilikuwa na watu sita: marubani wawili, wataalamu wawili wa safari, yaani wanasayansi walioajiriwa kuwa wanaanga wa kudumu, na wataalamu wawili wa majaribio, walioitwa kwa ajili ya kazi ya safari ile. Wakagawanywa zamu mbili za saa 12 ili maabara isilale. Mmoja wa wale wawili wa mwisho alikuwa Ulf Merbold, mwanafizikia wa Ujerumani. Kwa wataalamu wa aina hiyo, wanasayansi wenye majaribio nao walikuwa na sauti kwenye uchaguzi. Na ni haki yao. Mwenye jaribio ndiye anayejua linahitaji mikono ya namna gani.

Fanya hivyohivyo. Kama jaribio lenu ni la kuotesha mbegu za mbaazi gizani, mwalimu wa baiolojia akupendekezee mtu wa kulisimamia. Kama ni la kupima chaji ya betri ya sola, mfuate wa fizikia.

Kwa watu watano kazi zinatosha hizi: kamanda, fundi wa taa na mitambo, mtu wa afya, mtu wa majaribio, na mtu wa maji na stoo. Usiongeze vyeo. Kila cheo cha ziada ni mtu mmoja zaidi anayetoa amri.

Hapo kwenye maji usipite haraka. Kituo cha kimataifa cha anga hupanga kama lita 3.8 kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa, kupikia na kujisafisha. Watu watano kwa siku mbili ni lita 38, yaani madumu mawili ya lita 20 yasiyojaa sawasawa. Weka madumu hayo mawili ndani uwaambie ndiyo hayo. La tatu likae nje kwa dharura, na maji ya kunywa yasibanwe hata siku moja, hasa ukiwa Masasi wakati wa joto. Kinachobanwa ni ya kunawa na kuosha vyombo.

Sasa nani ayasimamie? Huku kwetu mtu huyo unaye. Juu ya Nyanda za Makonde ardhi ni ya mchanga. Mvua ikinyesha maji yanazama, na ya bomba husukumwa kutoka bondeni, Mitema. Nyumba nyingi za Newala zina kisima cha kuvunia maji ya mvua. Kuna binti kwenye klabu yako ambaye tangu darasa la tatu anajua ndoo moja inaosha vyombo, kisha inafua, kisha inamwagilia mchicha. Huyo ni mtaalamu tayari. Kwenye kituo cha anga wanajivunia kwamba mwaka 2023 mitambo yao ilifikia kurudisha asilimia 98 ya maji, jasho na mkojo ukiwemo. Mwambie hivyo, uone atakavyokaa wima.

Halafu kila kazi iwe na watu wawili wanaoiweza. Harrison Schmitt alikuwa mtaalamu wa miamba. Alichaguliwa mwaka 1965 kwa ajili ya miamba, lakini alipelekwa kwanza kujifunza kurusha ndege za jeti, na alipofika mwezini Desemba 1972 alikuwa na majukumu ya rubani vilevile. Kwa hiyo mtu wa afya ajue kubadilisha fyuzi. Fundi ajue kufunga bendeji. Chora jedwali: kazi upande mmoja, majina juu, tiki mbili kila mstari. Mstari wenye tiki moja ndipo mtakapokwama saa nane usiku.

Mlango wa kuingilia

Kigezo cha masomo kiwe kimoja, kiwe wazi, kisha alama zisahauliwe. Shirika la anga la Marekani, NASA, linataka uraia wa nchi hiyo, shahada ya uzamili kwenye sayansi, uhandisi, tiba au hesabu, na miaka isiyopungua 3 ya kazi. Anayetimiza hayo amepata tu haki ya kuingizwa kwenye rundo. Mwaka 2025 rundo lilikuwa na watu zaidi ya 8,000, wakachukuliwa 10. Ulaya waliomba zaidi ya 22,500, wakapatikana 17 mwaka 2022. Falme za Kiarabu mwaka 2018 waliomba 4,022, wakapita wawili: Hazza Al Mansouri, rubani wa ndege za kivita, na Sultan Al Neyadi, mwenye udaktari wa falsafa kwenye teknolojia ya habari.

Maana yake ni kwamba kati ya maelfu wenye vyeti vinavyolingana, cheti hakiwezi kukuchagulia. Hata wewe, ukichukua watano wa juu wa mtihani wa muhula, umechagua watu wanaojua kukaa peke yao na daftari. Chombo hakina kona ya kukaa peke yako.

Fomu ya maombi isizidi nusu karatasi. Maswali mawili yanatosha. La kwanza: taja kitu ulichokitengeneza kikafanya kazi, na ueleze kilikuwa kimeharibika nini. Utashangaa. Kuna kijana hajawahi kupata zaidi ya wastani kwenye fizikia, lakini kila Juni anaifungua mashine ya kupulizia salfa ya baba yake, anasafisha kabureta na kuirudisha shambani siku hiyohiyo. La pili: nani hapa shuleni umewahi kufanya naye kazi ngumu? Mtafute huyo aliyetajwa, umuulize.

Swali la "kwa nini unataka kwenda anga" liache. Wote wataandika kwamba wanataka kulitumikia taifa.

Debe la korosho

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Wajapani walipochagua wanaanga wao mwaka 2009, waliwafungia washindani 10 wa mwisho kwa wiki moja kwenye chumba cha majaribio huko Tsukuba, kamera zikiwaangalia. Kati ya kazi walizopewa mojawapo ilikuwa kukunja korongo wa karatasi. Si watano, si hamsini: 100 kila mmoja. Korongo waliingizwa kwenye uzi kwa mpangilio wa kukunjwa, ili wapimaji wawalinganishe wa mwanzo na wa mwisho. Je, mikunjo bado imenyooka? Mdomo bado mkali? Mtu aliyechoka akaanza kulipua kazi anaonekana kwenye uzi wake mwenyewe, bila kuulizwa neno.

Wewe huhitaji korongo. Una korosho.

Azima korosho ghafi kwa mzazi au shamba la shule. Kila mshiriki apewe debe moja azichambue: nzuri upande huu, zilizosinyaa na changa upande ule, zilizotobolewa na wadudu au zenye ukungu pembeni. Zile nzuri azifungashe mia mia kwenye bahasha za kaki na kuandika namba kwa mpangilio: 1, 2, 3, mpaka mwisho. Kazi iende saa mbili, bila simu wala muziki wa spika. Asibangue hata moja, maana mafuta ya ganda yanaunguza ngozi. Na usijaribu zoezi hili kwa korosho zilizokwisha kubanguliwa; zitaliwa, ubaki na bahasha. Kama si msimu, tumia mbaazi au choroko.

Dakika ya 70 hivi, badilisha maelekezo. Waambie kuanzia sasa ni 80 kwa bahasha, zilizosinyaa zigawanywe mara mbili. Kisha kaa kimya uangalie nyuso. Kuna atakayeuliza swali moja la maana na kuendelea. Kuna atakayenung'unika lakini akabadilisha. Kuna atakayesema sawa, halafu aendelee na mia kama kawaida. Huyu wa tatu muogope kuliko mnung'unikaji. Ndani ya chombo ndiye atakayeandika "nimekagua" wakati hajakagua.

Wakimaliza, fungua bahasha namba 1 na bahasha ya mwisho ya kila mtu. Hesabu. Tafuta mbovu zilizochanganyika. Andika kwenye daftari lako tofauti ya bahasha hizo mbili, si jumla ya bahasha. Aliyefungasha nyingi amekuonyesha kasi. Ambaye bahasha yake ya mwisho inafanana na ya kwanza amekuonyesha unachokitafuta.

Angalia na vitu vidogo pembeni. Nani alifagia alipomaliza? Nani aliona mwenzake kaishiwa bahasha akamsogezea? Nani aliimba kwa sauti ya chini ikawasaidia wenzake, na nani aliimba mpaka wakamkodolea macho? Hayo yote yaandikwe palepale. Ukingoja jioni utakumbuka waliokuchekesha tu.

Kundi, si mashujaa

Siku ya pili wagawe watano watano. Kila kundi lipewe fito, kamba ya katani na chupa tupu za plastiki, na kazi moja: kitengenezwe kichanja cha kuinua dumu la maji lililojaa mita moja kutoka ardhini, likae dakika kumi. Muda ni nusu saa. Sharti moja: mtu mmoja kwenye kundi, utakayemnong'oneza wewe, haruhusiwi kuongea. Mpe sharti hilo yule mnayemjua kuwa na mikono mizuri.

Utaona mambo. Makundi mengi yatajenga na kuangusha mara mbili huku anayejua akiashiria bila kuangaliwa. Kundi moja litakuwa na mtu atakayesimama aseme, "Ngojeni, huyu anataka kusema kitu." Pigia mstari jina lake mara mbili. Kamanda wako huenda ni huyo, hata kama ndiye mfupi kuliko wote na sauti yake haifiki kiti cha nyuma.

Weka waangalizi watatu: wewe, mwalimu mwingine na mtu asiye wa klabu, hata mpishi wa shule. Kila mmoja aandike peke yake kabla ya kuzungumza. Mkianza kwa mazungumzo, wote mtaandika maoni ya mwenye cheo kikubwa.

Kisha changanya makundi, rudia mara moja. Mtu anayeng'aa na rafiki zake tu hujamjua bado.

Majaribio ya ujasiri usiyafanye. Mwaka 1964 Edward Mukuka Nkoloso wa Zambia aliwaandaa vijana wake kwenda mwezini kwa kuwabiringisha mteremkoni ndani ya pipa la mafuta. Picha zake zinachekesha mpaka leo, na moyo wake nauheshimu. Lakini pipa linapima shingo, basi. Vilevile kama uko Newala, usishawishike kufanya "matembezi ya anga" ukingoni mwa Shimo la Mungu. Mandhari yale ni ya kupiga picha, si ya kijana aliyevaa boksi kichwani asiyeona miguu yake. Masasi nako, majabali yaacheni mahali pake. Uwanja wa mpira unatosha.

Afya, bila kuficha na bila kubagua

Novemba 1985 kikosi cha Kisovieti kilichokuwa kwenye kituo cha Salyut 7 kilirudi duniani kabla ya wakati. Kamanda, Vladimir Vasyutin, alikuwa mgonjwa, na tatizo lake alilijua kabla ya kuondoka akanyamaza. Alinyamaza kwa sababu kusema kungemkosesha safari. Mwanafunzi wako atafikiri hivyohivyo.

Kwa hiyo anza kwa kumwondolea hofu. Mwite faragha, mzazi akijua, umwambie kwamba kusema hakumwondoi moja kwa moja. Uliza wazi: pumu, selimundu, kifafa, vidonda vya tumbo, dawa anazokunywa. Ukiwa na shaka, mpeleke akaonwe na daktari, iwe Mkomaindo, Ndanda au hospitali ya wilaya Newala. Wewe si daktari, usijaribu kuwa.

Na ukiona ulemavu, anza kwa kukikagua chumba kabla hujamkagua mtu. John McFall alipoteza mguu kwa ajali ya pikipiki akiwa na miaka 19. Akawa mkimbiaji, akapata shaba ya Paralimpiki ya Beijing mwaka 2008, akasomea upasuaji wa mifupa. Mwaka 2022 Ulaya ilimchagua kwenye kundi la wale 17. Kama mlango wa darasa lenu una ngazi tatu, fito na mbao mnazo.

Kuhusu wasichana nitakuwa mfupi. Marekani ilipofungua mlango kwa wataalamu mwaka 1978, waliomba 8,079, wakachukuliwa 35, na kwa mara ya kwanza sita walikuwa wanawake. Wewe huna sababu ya kuwa nyuma ya mwaka 1978. Chagua kwa bahasha za korosho, usiweke wasichana wote stoo, panga sehemu tofauti za kulala na matroni awepo usiku kucha. Mlango wa chombo usifungwe kwa kufuli. Wasimulie habari za Mae Jemison: daktari na mhandisi wa kemikali, aliwahi kutibu wagonjwa Sierra Leone na Liberia, akaruka na chombo Endeavour Septemba 1992 kama mtaalamu wa safari, na Kiswahili anakijua.

Ongea nao, kisha waulize wenzao

Sasa ana kwa ana, dakika 15 kila mtu. Maswali yawe ya mambo yaliyotokea. "Mara ya mwisho ulipokosana na mwenzako bwenini, mliishia wapi?" "Ni lini ulikubali kwamba umekosea, na nani alikuwepo?" Anayejibu kwa jina la mtu na siku, msikilize. Anayejibu "mimi sigombani na mtu" bado hujajua lolote juu yake.

Lazima mmoja atakuuliza: Mtanzania anaweza kuchaguliwa kweli? Mjibu ukweli. NASA wanataka raia wao, Ulaya wanataka raia wa nchi wanachama. Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth alienda mwaka 2002 kwa kulipia kiti chake. Lakini kazi za anga si kiti kimoja. Satelaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilitolewa kutoka kituo cha kimataifa Mei 2018, ya Uganda ikafuata mwaka 2022, na huko Malindi Waitaliano walikuwa wakirusha satelaiti kutoka jukwaa la baharini tangu mwaka 1967. Walioziunda satelaiti za Nairobi na Uganda walikaa kwenye viti vya darasa kama chake.

Baada ya hapo, wape kura ya siri. Deke Slayton, aliyekuwa akipanga vikosi vya Marekani enzi za safari za mwezini, aliwahi kuwataka wanaanga wapangane wenyewe kwa ubora. Shuleni usiende mbali hivyo. Kila mmoja aandike majina mawili ya watu ambao angependa wawe macho yeye akiwa amelala. Majina ya wasiotakiwa usiyaombe; orodha hiyo itavuja kabla ya chakula cha jioni. Jina lisilotajwa na yeyote limeshakwambia kitu.

Utaletewa na kimemo. Mtoto wa mheshimiwa fulani, au wa aliyewachangia betri. Hata Marekani yamewapata: Aprili 1985 seneta Jake Garn alipewa kiti kwenye Discovery. Aliugua vibaya sana huko juu mpaka wanaanga wakatania kwamba kichefuchefu sasa kina kipimo chake, kinaitwa Garn. Angalau walimpa kazi: akawa mtu wa kufanyiwa majaribio ya ugonjwa huohuo. Mtoto wa mheshimiwa achambue debe lake kama wengine. Akifaulu, aingie. Asipofaulu, mwonyeshe mzazi bahasha.

Panga watano kama watano

Usichukue watano wa juu. Andika majina ya kumi bora kwenye vipande vya karatasi, vipange mezani, vihamishe. Angalia jozi. Wapenda kuongoza wawili kwenye chumba kimoja ni ugomvi wa Jumamosi mchana. Watulivu watano nao watakaa na tatizo mpaka liote mizizi. Unataka mchekeshaji mmoja, na mmoja tu. Utani wa Wamakonde, Wamakua na Wayao ni dawa nzuri ya uchovu, lakini saa ya 30 hata utani unachosha. Watatu wakizama kwenye Kimakonde, aliyehamia kutoka Dodoma atajiona mgeni. Sheria ya ndani ni Kiswahili.

Kamanda mteue mwisho, ukishawaona wanne. Chagua anayewafaa hao wanne.

Kila kazi iwe na mtu wa akiba, naye afanye mazoezi yote na kikosi. Malaria haisomi ratiba. Aprili 1970, siku chache kabla ya Apollo 13 kuruka, Ken Mattingly aliondolewa kwa sababu alikuwa karibu na mgonjwa wa surua ya Kijerumani, na Jack Swigert akaingia. Swigert aliweza kwa kuwa alikuwa amefundishwa kazi ileile. Mattingly hakuugua; chombo kilipopata ajali alikuwa chini, akisaidia kutafuta njia ya kuwarudisha wenzake.

Ndiyo maana kituo cha mawasiliano, kile chumba cha pili, usikijaze mabaki. Anayeongea na chombo awe mmoja, mwenye sauti isiyopanda. Oktoba 1968 wanaanga wa Apollo 7 walipata mafua, wakaanza kujibizana na walioko chini. Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyeruka tena. Mtafute aliyekosa nafasi bila kununa. Mara nyingi ndiye anayefaa hapa. Ujumbe upite kwa karatasi na kucheleweshwa dakika tano kwa saa ya ukutani. Kutoka Mirihi ingekuwa kati ya dakika 3 na 22, kwa hiyo msijione mnaonewa.

Tarehe ichague kwa kalenda ya huku. Oktoba hadi Desemba kuna minada ya korosho na Novemba kidato cha nne wako kwenye mtihani wa taifa. Julai au Agosti, wikiendi isiyo na zamu ya salfa nyumbani, ni nzuri. Waite wazazi mapema uwaonyeshe chumba, la sivyo wakisikia watoto wanafungiwa ndani watadhani umeanzisha jando lako.

Ukishabandika orodha, usikimbilie kuanza. Wape watano na akiba zao Jumamosi moja nzima ya kazi: kupanga stoo, kujaza madumu, kupika, kufua taulo, kulala mchana kwa zamu. Kaa pembeni na daftari lako. Jozi ikigoma kufanya kazi, badilisha mtu siku hiyohiyo, kwa maneno machache, mbele yake na si nyuma ya mgongo wake. Utakayemtoa mpe kiti kituo cha mawasiliano jioni hiyohiyo, na saa ya ukutani aishike yeye.